Udongo wa mto hutoka wapi, na je, ninunue lori lake?

Swali. Mtaalamu, hujambo? Nina ploti ya futi hamsini kwa mia huku Ruai, mashariki mwa Nairobi. Udongo wangu ni ule mweusi: mvua ikinyesha unang'ang'ania gambuti, jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia. Sukuma zangu zimedumaa. Lakini hapo chini mtoni watu wanalima sukuma, managu na nduma mwaka mzima bila kununua mbolea hata kopo moja. Mwenye lori ameniambia ataniletea udongo wa mto wenye rutuba. Kwetu ni Garsen, kando ya mto Tana, na marehemu babu alikuwa akisema Tana ikifurika imemwaga mbolea. Nieleze: udongo huu hutengenezwaje, kwa nini una rutuba kiasi hicho, na je, ninunue lori? Ni mimi, mama wa watoto watatu.

Jibu. Sijambo, mama. Babu yako alisema kweli. Mwenye lori huenda naye hasemi uongo, ila hao wawili hawazungumzii mto mmoja. Nivumilie kidogo, maana jibu la lori liko chini na habari yenyewe inaanzia juu, mteremkoni.

Mto Nairobi, ndio huo wa hapo chini kwako, huanzia kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia huko na kuteremka hadi pande za magharibi za jiji, udongo ni ule mwekundu unaoganda kwenye viatu, uliotokana na miamba ya volkano. Tone la mvua likianguka kwenye shamba lililo wazi hupiga bonge la udongo likavunjika, na chembe zikarushwa huku na huko. Maji yakianza kutiririka juu ya ardhi, mwanzoni hayana nguvu ya kubeba kila kitu. Hubeba vilivyo vyepesi: mboji, majani yaliyooza, samadi iliyokauka, chembe za udongo wa mfinyanzi. Kokoto hubaki pale pale zikimtazama mwenye shamba.

Ndiyo maana udongo unaofika mtoni haufanani na ule ulioachwa nyuma. Ukiupima, mara nyingi utaukuta una mboji na fosforasi nyingi kuliko shamba ulikotoka. Maji yameengua malai. Mkulima wa juu hajui ameibiwa nini, kwa sababu kila mvua humwondolea unene wa karatasi tu, na mahindi yake hupungua kidogo kidogo hadi siku moja anaanza kulaumu mbegu.

Sasa mto umeshiba. Umebeba mchanga, tope laini na mfinyanzi, vyote vikizunguka pamoja kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kinachoamua nini kitatua wapi ni kasi ya maji. Mchanga ni chembe za milimita 0.05 hadi 2. Unausikia ukikwaruza vidoleni. Tope laini ni kati ya milimita 0.002 na 0.05, likikauka ulisugue, ni kama unga wa ngano. Mfinyanzi ni chini ya milimita 0.002, na ukilowa huteleza na kunata. Kwenye maji yaliyotulia, hata mchanga mwembamba kabisa huzama sentimita 10 kwa muda usiofika dakika moja. Chembe ya mfinyanzi, tena ile kubwa kubwa, huhitaji saa nane hivi kwa umbali huo huo. Ile ya milimita 0.001 ukiiacha izame mita moja, rudi baada ya karibu wiki mbili.

Huna haja ya kuniamini. Chukua chupa ya lita moja, tia udongo hadi theluthi, jaza maji, dondoshea sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, tikisa sana kisha uiweke mezani. Kabla hujamaliza kunawa mikono mchanga utakuwa chini. Baada ya saa mbili tope laini litakuwa limelala juu yake. Maji yataendelea kuwa na ukungu hadi kesho yake, pengine hata kesho kutwa: huo ni mfinyanzi ambao bado haujaamua kushuka. Mto hufanya jambo hilo hilo, isipokuwa chupa yake ina urefu wa kilomita mamia.

Tuje kwenye mafuriko yenyewe. Mto unapovunja kingo, maji yanayotoka nje hupoteza kasi ghafla, kwa kuwa yametoka kwenye mkondo wenye kina yakaingia nyasini na vichakani. Mchanga huanguka hapo hapo, ukingoni. Gharika baada ya gharika, ukingo huinuka ukawa tuta. Tope laini husonga mbele kidogo. Mfinyanzi huenda mbali, hadi maji yasimame kabisa kwenye mabonde yaliyo nyuma ya tuta, na huko ndiko hutulia taratibu.

Ukienda Garsen tena, angalia vijiji vya Wapokomo vilivyo kando ya mto. Nyumba zimependelea tuta, mahali palipoinuka, na migomba na miembe iko papo hapo kwa sababu maji hupita bila kutuama kwenye mizizi. Mpunga uko nyuma, bondeni, kwenye mfinyanzi unaoshika maji. Tana hufurika mara mbili kwa mwaka, masika mnamo Aprili na Mei, na tena Novemba na Disemba, na kalenda ya kupanda imefuata hapo: maji yakianza kurudi nyuma, mkulima huyafuata na mbegu mkononi. Babu yako akisema hapa pa mpunga, pale pa mahindi, alikuwa akisoma ukubwa wa chembe kwa nyayo za miguu, na sidhani angekosea mara nyingi kuliko maabara yangu.

Mto pia hauketi mahali pamoja. Penye kona, maji ya upande wa nje huenda mbio na kula ukingo. Ya upande wa ndani hulegea na kulaza mchanga. Kona huzidi kupinda hadi siku ya gharika mto unapokata njia ya mkato na kuacha ziwa lenye umbo la mundu. Maziwa ya Shakababo na Bilisa, huko kwenu, ni masalia ya mkondo wa zamani. Kwa hiyo ardhi yote ile tambarare unayoiona, mto umeshapita juu yake kwa zamu.

Ukichimba shimo huko hutaona udongo wa rangi moja kutoka juu hadi chini. Utaona matabaka: mchanga, tope, utepe mweusi wa majani, mchanga tena. Kitaalamu huu ni udongo mchanga, kwa maana ya mtoto mchanga, si mchanga wa kujengea. Kila gharika humfunika mtoto kwa blanketi jipya kabla hajakua.

Uchanga huo ni sababu kubwa ya rutuba. Udongo uliokaa mahali pamoja maelfu ya miaka ukinyeshewa huoshwa: kalisiamu, potasiamu na magnesiamu huteremka na maji hadi mizizi isikofika. Mto huleta vipande vya miamba vilivyovunjika karibuni, ambavyo bado vina mali yao ndani na huiachilia polepole kadiri vinavyooza. Na Tana haikuchota popote tu. Vijito vyake vya juu hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, milima ya volkano, ambayo miamba yake ina utajiri wa madini hayo.

Misri ndiyo mfano wa dunia nzima. Wamisri wa kale waliita nchi yao Kemet, ardhi nyeusi, kuitofautisha na jangwa jekundu lililo pembeni. Weusi huo haukuwa wa Misri. Ulitoka nyanda za juu za Ethiopia, nchi ya volkano vilevile, ukaletwa na Nile ya Buluu na mto Atbara. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope likaanza kutua ndani ya Ziwa Nasser badala ya mashambani. Wakulima wakategemea zaidi mbolea ya gunia, na delta yenyewe ikaanza kuliwa na bahari kwa kukosa tope jipya. Lakini nisikupambie habari: mafuriko ya Nile hayakuleta tope peke yake. Yalilowesha ardhi hadi chini kabisa na kuosha chumvi ambayo katika nchi ya jua kali hupanda juu na kuua mimea. Tope limepewa sifa ambazo nyingine ni za maji.

Hata Tana ina kisa chake. Kati ya 1968, Kindaruma ilipoanza kazi, na 1988, ilipofuata Kiambere, mabwawa matano ya umeme yamejengwa mfululizo juu ya mto huo, na Masinga, la mwaka 1981, ndilo la juu na kubwa kuliko yote. Tope linaloingia Masinga sehemu kubwa hubaki humo. Watu wa delta wakilalamika kwamba mafuriko ya siku hizi si yale ya zamani, wasidhaniwe ni wazee wanaotamani ujana wao.

Sababu nyingine ya rutuba iko kwenye mfinyanzi, na hii naomba uishike vizuri, maana nitaihitaji tena tukifika kwa mwenye lori. Ploti yako ya hamsini kwa mia ni mita za mraba 465 hivi. Gramu moja ya mfinyanzi wa aina ile inayovimba, kiasi cha robo ya kijiko cha chai, ina uso wa mita za mraba zinazoweza kufika 700 ukihesabu na kurasa zake za ndani. Yaani ncha ya kijiko ina eneo kuliko ploti. Uso huo una chaji hasi, na kalisiamu, potasiamu na magnesiamu zina chaji chanya, kwa hiyo hunaswa hapo zisioshwe na mvua, kisha mzizi ukipita unazikopa. Mchanga hauna uso huo. Ndiyo maana si kila kilicholetwa na mto kina rutuba. Nenda Kitui au Makueni uone mito ya mchanga mtupu: ni mizuri kwa kuchimba maji wakati wa kiangazi na kwa kujenga nyumba za Nairobi, lakini panda mahindi humo uone. Miamba ya huko ina kwatzi nyingi, yaani lile jiwe gumu linalong'aa kama kioo, na kwatzi haina cha kumpa mmea.

Mengine niyapitie haraka: ardhi ya mafuriko huwa na kina kirefu, maji hayako mbali chini, na pale mchanga, tope na mfinyanzi vilipochanganyika kwa kiasi, tunapata udongo tifutifu ambao mizizi huingia bila kupigana.

Sasa, mto wako si Tana. Mto Nairobi ukitoka Ondiri hupita katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni nne kabla ya kufika kwenu. Umepokea mito ya Mathare na Ngong, ambayo nayo imepita nyuma ya viwanda, gereji na mitaa isiyo na mabomba ya majitaka. Umepita kando ya jaa la Dandora. Kumbuka nilivyosema: uso wa mfinyanzi hunasa chochote chenye chaji chanya. Risasi, ile metali yenye sumu na si ya bunduki, ina chaji chanya. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, pia. Mfinyanzi haubagui, ule mkono ulioshika potasiamu ya Mlima Kenya kwa ajili ya babu yako ndio huo huo unaoshika risasi ya betri kwa ajili yako. Na kwa kuwa mfinyanzi na mboji ndivyo vinavyotua kwenye maji yaliyolegea, pale panapoonekana peusi na laini na penye rutuba ndipo sumu inapojikusanya. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipochunguza eneo la jaa la Dandora, nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo.

Na kuna jambo jingine kuhusu zile sukuma unazozitamani. Kijani kile si cha udongo peke yake. Maji ya mto yanayomwagiliwa yamebeba majitaka, na majitaka yana naitrojeni na fosforasi kwa wingi. Majirani zako wana mbolea, tena ya kila siku, ila haikununuliwa dukani. Wanakula na vijidudu vyake. Kupika vizuri huua vijidudu. Kuosha majani huondoa sehemu kubwa ya risasi, kwa sababu nyingi yake huwa ni vumbi na tope lililoshika jani kwa nje. Kadimiamu ni mjanja zaidi: mmea huinywa kwa mizizi na kuipandisha kwenye majani, na hapo sufuria wala karai havina la kufanya. Mboga za majani ndizo zenye tabia hiyo zaidi. Mahindi huingiza kidogo kwenye punje.

Siwalaumu wanaolima pale. Anayelima ukingoni mwa mto Nairobi halimi kwa kupenda mandhari. Lakini umeniuliza kama ulete udongo ule mahali watoto wako watatu wanapocheza, na hilo nalijibu: usilete.

Hata udongo wenyewe ungekuwa safi kama wa Garsen, hesabu ya lori inagoma. Lori la tani saba hubeba mita za ujazo tano na kitu. Ukisambaza ploti nzima, utapata tabaka la sentimita moja. Wako unapasuka hadi mkono unaingia. Kiangazi cha kwanza utaimeza sentimita hiyo yote kwenye nyufa na usijue pesa zilikwenda wapi. Isitoshe, udongo huo unachotwa wapi? Sheria inatenga ukanda kila upande wa mto, na ukingo ukichimbwa ndio huporomoka kwanza maji yakija. Mafuriko ya masika ya 2024 bado hatujayasahau.

Nina habari njema, ingawa huenda hutaiamini mara moja. Udongo wako haukuletwa na mto. Umezaliwa papo hapo, juu ya lava iliyotandaa kutoka Embakasi hadi nyika za Athi, mahali tambarare ambapo maji hayana pa kwenda, na mwamba ukioza ndani ya maji yaliyotuama hutoa mfinyanzi ule unaovimba. Ndiyo, ule ule wa gramu moja kuzidi ploti. Ghala lako la kalisiamu, magnesiamu na potasiamu ni kubwa. Mkulima wa udongo mwekundu wa Kikuyu angekuonea wivu. Mwea wanavuna mpunga kwenye udongo wa jamii hiyo hiyo. Ulichokosa ni hewa. Ukilowa, matundu yote huziba na mizizi ya sukuma hukosa pumzi. Ukikauka, hupasuka na kuikata. Pia una upungufu wa naitrojeni na mboji, na hayo hayahitaji lori la mto.

Inua matuta ya upana wa mita moja na kimo cha sentimita 30, uache mitaro kati yake maji yapite. Changanya samadi iliyoiva, toroli mbili tatu kwa kila tuta, na urudie kila msimu, kwa sababu mboji huliwa. Wafugaji wa upande wa Kamulu na Joska watakuuzia kwa bei chini ya ile ya lori. Funika kwa nyasi kavu ili jua lisifungue nyufa. Lima siku udongo unapomeng'enyeka mkononi: ukiwa bado unanata utautengeneza tofali, na ukiwa umekauka utavunja jembe. Na mtu akikushauri umwage mchanga kidogo ili uulainishe, mshukuru na usifanye. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi ndio uashi wenyewe.

Kabla ya msimu ujao, peleka kilo moja ya udongo wako KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Kabete, wakupimie. Kama bado una shauku na udongo wa mto kwa ajili ya kitalu tu, peleka na huo, lakini uliza waziwazi kama watapima risasi na kadimiamu. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakivitafuti, na cheti kinaweza kukuambia udongo una rutuba nzuri kabisa, jambo ambalo litakuwa kweli.

Na ukienda nyumbani Disemba, maji yakishaanza kurudi, nichotee kikopo kimoja nyuma ya tuta, pale kwenye mpunga, na kingine juu palipo na migomba. Andika kipi ni kipi. Nina chupa mbili tupu hapa mezani zinazowasubiri.